Moto wa Bibi Shamba

Wenzangu mnaobaki kazini, mwezi uliopita nilirudisha pikipiki ya ofisi, funguo mbili, na mizani ya mbegu ambayo haikuwa ikipima tangu siku niliyokabidhiwa. Mkanivisha kitenge, mkanikatia keki, mkasema Mama ametumikia kwa uaminifu. Keki niliila. Hilo neno la uaminifu lilinikwama kooni, na ndiyo sababu naandika. Vyeo na mishahara mtaviona kwenye faili langu kama panya hawajalipitia. Mimi nataka kuwaeleza habari ya mdudu mmoja mdogo kuliko punje ya hindi, anavyolala kwenye mawe ya mlima Hanang wakati wa baridi, na jinsi nilivyomchoma mwaka baada ya mwaka, hata miaka ambayo sikuwepo.

Nilifika Endasak nikiwa na miaka ishirini na tatu, cheti cha kilimo ndani ya bahasha ya kaki, na viatu vya kisigino. Nimezaliwa Dongobesh, matope nilikuwa nayajua vizuri, kwa hiyo vile viatu vilikuwa kiburi tu. Aliyenipokea ni Bwana Shamba wa kata, Mzee Margwe, mtu mrefu, mkimya, mwenye koti moja la mvua na jua. Alivitazama viatu, akautazama mlima, akasema, "Karibu, binti. Leo tunatembea." Tulitembea mpaka saa kumi jioni. Kesho yake nikaazima raba za mke wake, naye akacheka kidogo kwa pua.

Vifaa vyake vilikuwa viwili. Lenzi ndogo aliyoifunga kamba akaivaa shingoni chini ya shati, na visanduku vitupu vya kiberiti ambavyo vilijaa mifuko yote ya koti. Mdudu yeyote aliyemtilia shaka alimfungia humo na jani moja, pamoja na vidukari, wale wadudu wadogo weusi wanaonyonya maharage mpaka majani yanajikunja. "Usimhukumu mdudu kwa sura," alikuwa akiniambia. "Mlaze na chakula. Ukifungua ukakuta jani lina matundu, huyo ni mwizi. Ukikuta jani zima na vidukari wamepungua, huyo ni kibarua wako, msalimie." Nilidhani ni mambo ya kizee. Chuoni tulikuwa tumefundishwa majina ya Kilatini.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoanguka. Kuna wadudu wawili wanaofanana. Mmoja tunamwita mdudu kobe: mviringo, mwekundu, madoa meusi, na mgongo wake unang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Huyu anakula vidukari, yeye na watoto wake. Yupo ndugu yake, naye mwekundu, naye ana madoa, ila mgongo umefifia na una vinyweleo kama blanketi. Huyo anakula majani ya maharage na viazi mpaka inabaki mishipa. Kwa lenzi ni kazi ya dakika moja. Kwa macho matupu, asubuhi ya ukungu, ukiwa na haraka, wote ni wekundu.

Baridi yangu ya kwanza Endasak, mwezi wa saba, Mzee Margwe alikwenda Mbulu kumuuguza dada yake, na lenzi akaenda nayo shingoni. Siku ya tatu akanijia Mama Yustina, mjane aliyekuwa akilima chini ya korongo na watoto wanne. Mvua zilizopita alikuwa amepoteza viazi vyake kwa yule mla majani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone kitu nyuma ya nyumba yangu."

Nyuma ya nyumba palikuwa na mwamba wenye ufa mrefu, na ndani ya ufa walikuwa wamejaa. Wamepandana tabaka juu ya tabaka, wekundu, kimya, hakuna aliyetikisa mguu. Nilisimama hatua mbili nyuma kwa sababu, niseme tu ukweli, walinitia kinyaa.

"Ni wale waliokula viazi vyangu?" akauliza.

Mkobani nilikuwa na visanduku viwili vya kiberiti, vitupu. Sikuvitoa. Mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi, na yule mama alikuwa akinitazama kama mtu anayemtazama daktari. "Ndio hao," nikasema. "Wanajificha baridi ipite. Mvua zikianza watashuka mashambani kula. Wachomeni sasa wakiwa wamelala."

Kila neno lilikuwa kweli isipokuwa chakula chenyewe.

Majirani walileta mabua, tukayasokomeza kwenye ufa, tukawasha. Walilia kama bisi kwenye sufuria. Watu wakapiga makofi, na mimi nikajisikia mtu. Alikuwepo kijana wa kitongoji cha juu, ng'ambo ya korongo, aliyekuwa amemaliza darasa la saba mwaka uliotangulia, jina lake Daniel Bura. Alikuwa na daftari. Akaniomba nirudie maneno yangu polepole ili aandike. Nikarudia polepole.

Mvua zilipokuja, vidukari walikuja nazo. Mama Yustina alikuwa amepanda maharage meusi yenye kovu jeupe kama jicho, mbegu aliyopewa na mama yake siku alipoolewa, na mwaka ule alikuwa ameitia yote ardhini kufidia viazi. Majani yalijikunja, maua yakadondoka. Alivuna ya kujaza sufuria moja. Waliyala, kwa sababu mtoto mwenye njaa humwambii kuwa hii ni mbegu.

Mzee Margwe aliporudi, wakati wa mavuno, alikwenda moja kwa moja kwenye ule mwamba. Akachokoa majivu kwa kijiti, akaokota ganda la bawa, akaliweka kiganjani na kunipa lenzi. Lilikuwa linang'aa upande mmoja ambao moto haukuufikia.

Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alikaa juu ya jiwe akanieleza. Mdudu kobe hafi baridi ikija, wala hahamii mbali. Vidukari wakiisha mwishoni mwa mvua, anakuwa ameshajaza mafuta tumboni, anapanda mlimani kutafuta jiwe lisilopigwa na upepo. Wa kwanza akishaingia, wengine wanamfuata kwa harufu. Wanabanana ili wasikauke, maana ukame huo wa miezi mitano unaua kuliko baridi. Hawali, hawazai, hata moyo wanaupunguza mwendo. Ukimgusa anatoa maji ya njano machungu kwenye magoti, ndege akionja mara moja harudi. Mvua ya kwanza ikinyesha na jua likapasha jiwe, wanafumuka na kushuka, wakiwa na njaa ya nusu mwaka. Na mwaka unaofuata, hata kama ni watoto wao, harufu inawarudisha kwenye ufa ule ule.

"Kwa hiyo maharage ya Mama Yustina," nikasema.

"Vidukari wana sababu nyingi," akasema. "Mvua nayo ilikatika katikati. Lakini jeshi lake ulilichoma wewe. Nenda kamwambie."

"Nitamwambia."

Nilikwenda. Nilimkuta anapepeta, na ule ungo wake ulikuwa na punje chache za kusikitisha. Akaniuliza, "Bibi Shamba, vidukari hawa wametoka wapi?" Nikasema, "Ni hali ya hewa, Mama." Akanitazama kidogo. Akasema, "Haya, mwanangu," akaniwekea chai ya maziwa. Nikainywa. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi ule mwiba niliumeza na chai. Miezi miwili baadaye ikaja barua ya uhamisho kwenda Basotu, na nilifunga sanduku langu kabla hata ya kumaliza kuisoma.

Basotu, karibu na mashamba ya ngano, nilikaa miaka mingi, kisha ofisini Katesh miaka mingi mingine. Nimefundisha watu kutopuliza dawa wakiwa wameelekea upepo, huku nikimwona mwanafunzi wangu bora anapuliza akiwa anapiga mluzi, mdomo wazi. Nimehudhuria semina ambazo nakumbuka chakula chake tu. Mzee Margwe alipofariki, mkewe aliniletea ile lenzi ikiwa bado na kamba. Tangu hapo kila mwezi wa saba nilipanda kwenye mawe ya jirani kuwatafuta waliolala, nikahesabu nyufa, nikaandika. Vibarua wa ngano walisema mama huyu anatafuta madini. Na kila mnada, kila soko, Katesh, Dongobesh, Mbulu, nilikuwa naingiza mkono kwenye magunia ya maharage natafuta meusi yenye jicho jeupe. Wauzaji walinichoka. Sikuyapata, na mpaka leo sijayapata.

Mwaka wangu wa mwisho wakanirudisha Endasak. Nilikuta Mama Yustina bado yuko hai, mzee wa fimbo sasa. Nilimsalimia barabarani mara tatu, kila mara nikiwa na haraka. Mnanijua, mimi si mtu wa haraka.

Wakaniunga kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, ambalo kwa kawaida ni picha za maua na habari za mbuzi aliyepotea. Mwezi wa saba, jioni ya Jumatano, likaingia tangazo: "Wakazi wote wa kitongoji cha juu. Kesho saa mbili asubuhi ni MOTO WA BIBI SHAMBA. Kila kaya ilete mzigo mmoja wa mabua. Asiyefika ajieleze. Mwenyekiti, D. Bura."

Nilisoma mara tatu. Nikapiga simu ya Daniel, haipatikani. Nikapiga tena na tena mpaka chaji ikaisha. Asubuhi pikipiki ya ofisi ikakataa kuwaka, nikachukua bodaboda mpaka mwisho wa njia, nikamalizia kwa miguu, na miguu yenyewe mnaijua.

Nilikuta watu kama arobaini, wamejifunika migolole mpaka masikioni, na mabua yamerundikwa mbele ya mwamba mkubwa wa huko juu. Mwamba ule ulikuwa mweusi tii kwa masizi ya miaka thelathini na kitu. Na ndani ya ufa wake, juu ya masizi hayo, walikuwepo. Katika miaka yangu yote ya kupanda mawe sikuwahi kuona wengi kiasi kile. Harufu ilikuwa inawaita, na kila mwaka walikuwa wakija kufia pale.

Daniel alikuwa mtu mzima sasa, mvi pembeni, koti safi la mwenyekiti. Aliponiona uso wake ulifunguka.

"Shikamoo, Bibi Shamba. Jamani, leo mwenye moto amekuja mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Akaja mbele akanipa kiberiti kwa mikono miwili, kama mgeni rasmi anavyopewa mkasi wa kukata utepe. "Karibu uwashe."

Nilikipokea. Nikafungua, nikamwaga njiti zote mfukoni mwa koti langu, nikabaki na kisanduku kitupu mkononi. Makofi yakaisha. Nikavua lenzi shingoni, nikachomoa wadudu watatu kwenye ufa, nikatazama mgongo wa mmoja mmoja. Migongo yote ilikuwa inang'aa.

"Hatuwashi," nikasema.

Daniel alifikiri sijaelewa. Akatoa mkobani daftari lililofungwa kwenye nailoni, lile lile, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Akasoma kwa sauti: "Wanajificha baridi ipite. Mvua zikianza watashuka mashambani kula. Wachomeni sasa wakiwa wamelala." Akafunika. "Haya si maneno yako?"

"Ni yangu."

"Basi ulitudanganya lini? Siku ile au leo?"

"Siku ile sikudanganya. Nilikosea. Sikuwatazama. Hawa wanakula vidukari, Daniel. Mmekuwa mkichoma watu wa kuwalindia shamba."

Minong'ono ikapita. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Vidukari mwaka jana wamenimalizia maharage nusu ekari. Na hapo tulichoma."

"Ndiyo sababu," nikasema.

"Ndiyo sababu ipi?" Daniel akaingilia, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kila mwaka tunachoma na bado vidukari wanatushinda. Tusipochoma itakuwaje? Msimu huu watu hapa hawana akiba. Yakiliwa tena maharage, tunakwenda kuomba kwa majirani. Unastaafu lini, Bibi Shamba?"

"Mwakani."

"Wewe utakuwa umestaafu. Sisi tutakuwa hapa hapa."

Alikuwa amesema kweli. Nikainua kile kisanduku cha kiberiti. Nikamwomba siku tatu. Nikasema tutawafungia watatu hawa na jani la maharage lenye vidukari, na Jumapili baada ya misa afungue yeye mwenyewe mbele ya watu. Kama jani lina tundu hata moja, nitawasha kwa mkono wangu. Kama vidukari wamepungua, mabua yarudi kwa ng'ombe. Daniel akakubali. Alikuwa na bustani ya kumwagilia karibu na chemchemi. Akaleta jani mwenyewe, akahesabu vidukari kumi, wengine akawafuta kwa kidole. Nikafunga kikonyo kwa pamba yenye maji.

"Na nani anakaa nacho?" akauliza. "Wewe hapana."

"Nipeni mimi," ikasema sauti nyuma. Mama Yustina alikuwa amepanda na fimbo yake tangu ng'ambo ya korongo, anahema. Watu wakampisha, shikamoo zikamiminika. Daniel akasema mama huyu hawezi kumdanganya mtu, akamkabidhi.

Sasa niwaambie nilichokuwa nakijua mimi peke yangu pale, na kilichoninyima usingizi. Mdudu aliyelala hivyo hali. Siyo kwamba hataki, mwili umefungwa. Lazima apate joto siku kadhaa kabla hajakumbuka mdomo wake, na wengine hawakumbuki kabisa, wanakufa. Siku tatu nilizitaja kwa sababu Daniel asingekubali zaidi. Nilikuwa nimeweka mwamba mzima rehani kwa tumbo la wadudu watatu.

Nikamwambia Mama Yustina akiweke jikoni, juu ya kichanja, mbali kidogo na moto. Ijumaa nikaenda. Alikishusha, nikafungua kwa upenyo mdogo. Wamejikunja, miguu ndani. Vidukari kumi. Nikafunga.

Jumamosi nikaenda tena. Mmoja alikuwa amekufa chali. Wawili walikuwa wanatembea, wanazunguka ukingo wa kisanduku kama wamepoteza kitu, na walipofika kwa vidukari walipita juu yao. Nilihesabu kwa lenzi. Kumi. Nikahesabu tena.

Mama Yustina akasema anakwenda kuchukua maziwa kwa mkamuaji, akatoka. Nikabaki peke yangu na kile kisanduku, moto unalia taratibu. Ukucha wa kidole gumba ungetosha. Vidukari watano, sita, kubonyeza tu, nani angejua. Na ningekuwa nasema kweli, si ndiyo? Wadudu kobe wanakula vidukari, hilo nilikuwa na uhakika nalo kuliko jina langu. Ningekuwa nimesaidia ukweli ufike kwa wakati. Niliingiza kidole. Niliuona ukucha wangu kupitia lenzi, mkubwa, mchafu, juu ya jani.

"Funga hicho, baridi inaingia," akasema Mama Yustina mlangoni. Alikuwa amesimama na kibuyu cha maziwa, sijui tangu lini. Nikafunga. Ningefanya au nisingefanya, sijui, na nimeacha kujiuliza. Akamimina maziwa kwenye sufuria ya chai.

Jumapili watu walikuwa wengi kuliko Alhamisi, na nguo za kanisani. Mama Yustina alikuja amekifunga kisanduku kwenye kanga kifuani, kwenye joto lake mwenyewe; alisema amelala nacho hivyo. Daniel akakipokea. Nilitazama vidole vyake vikisukuma ile droo.

Akanyoosha mkono, nikampa lenzi. Akainama. Akakaa hivyo mpaka watoto wakaanza kucheka na mama zao wakawanyamazisha.

"Jani zima," akasema. Kisha, "Vidukari wanne." Kisha akaisogeza lenzi karibu zaidi. "Na mmoja yumo mdomoni. Namwona miguu inatikisika."

Lenzi ilizunguka kwa kila mtu. Yule mama mwenye mtoto alitazama, akarudia kutazama, akarudisha bila kunitazama mimi. Hapakuwa na makofi. Watu walianza kubeba mabua yao kurudi kwa ng'ombe, mmoja mmoja, na wengine walipopita mbele ya mwamba walisimama wakautazama ule weusi.

Daniel alibaki. "Miaka yote hii," akasema. "Maharage ya watu, Bibi Shamba. Mimi ndiye niliyewaita kila mwaka."

"Kosa ni langu, Daniel. Samahani."

"Nilikuwa naandika kila ulichosema." Akafungua daftari kwenye goti, akapiga mstari mmoja juu ya yale maneno, taratibu, yaweze bado kusomeka. Akashika kalamu. "Haya. Sema tena. Polepole."

Nikasema polepole. Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia mbele ya bosi yeyote, na nilitamani aandike haraka. Hakuandika haraka.

Alipoondoka, Mama Yustina akasema wale wadudu wawili warudishwe. Baridi ilikuwa na miezi yake bado, na tulikuwa tumewaamsha bure. Nikamwambia Mzee Margwe alikuwa akisema aliyeamshwa kabla ya mvua mara nyingi hafiki, mafuta yanamwishia njiani. "Warudi tu kwa wenzao," akasema. Akawasukuma kwa jani mpaka ndani ya ufa. Walitembea juu ya migongo ya wengine, wakapata nafasi, wakakunja miguu.

Tukabaki wawili. Mabua kidogo yalikuwa yamesahauliwa chini.

"Mama," nikasema. "Lile shamba lako la maharage. Yale meusi ya mama yako."

"Najua," akasema. "Margwe aliniambia mwaka ule ule. Ule ufa wangu sijauchoma tena, wamejaa mpaka leo."

Nilishindwa kumtazama. "Na huku juu ulijua wanachoma?"

"Nilijua Margwe akiwa ameshastaafu. Daniel nilimwambia mara mbili. Akasema neno la mwenye cheti halifutwi na mimi. Basi."

"Kwa nini hukuniambia mimi, Mama? Nilikuwa Katesh tu hapo."

Alikuwa anajifunga kanga yake upya, anaikaza kifuani pale kisanduku kilipokuwa.

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Nikakaa kwenye yale mabua. Nikaanza mwanzo kabisa, kwenye vile visanduku viwili nilivyoviacha mkobani.